BMW 326 ya mwaka 1938 au EMW? Jibu kwa kijana wa Erfurt

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi nipo Ujerumani, mji wa Erfurt, nasoma huku, na magari ya zamani nayapenda sana. Kuna babu mmoja hapa jirani anauza gari, anasema ni BMW 326 ya mwaka 1938. Ina milango minne, injini ya silinda sita, shoo ya mbele ina vyuma vimelala, na nembo ni ile ile ya BMW ila penye bluu ni pekundu. Kwenye grupu wananiambia nisiiachie, eti hiyo ndo babu yake series 5, gari la mabosi wa kabla ya vita. Je ni kweli ilikuwa gari ya mabosi? Ilikuwa na nini cha maana? Na nikienda kuiangalia nianzie wapi?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Nisikuzungushe, gari uliyonielezea sio BMW 326 na haikutengenezwa 1938. Hiyo ni EMW 340, gari ya baada ya vita iliyotoka kiwanda cha zamani cha BMW cha mji wa Eisenach. Umenitajia vitu viwili ambavyo vinatosha kabisa hata nisipoiona, shoo na nembo. 326 mbele ina zile figo mbili, yaani shoo mbili za umbo la figo ambazo ndo alama ya BMW, zimesimama wima, nyembamba na ndefu, vyuma vya kulala haikuwahi kutoka navyo kiwandani. Na nembo ya namna ile yenye wekundu ni ya EMW, jina ambalo limeanza kutumika 1952, kwa hiyo kama nembo haijabadilishwa basi gari yenyewe ni ya 1952 mpaka 1955 hapo ambapo 340 iliacha kutengenezwa.

Ila usikimbilie kumwita yule babu tapeli. Hizi 340 zilipoanza kutoka 1949 ziliuzwa kwa jina la BMW, na nembo ya bluu na nyeupe, na kadi zake ziliandikwa BMW kabisa, kwa hiyo watu wa Ujerumani Mashariki waliendelea kuziita BMW hata jina lilipobadilika. Halafu chini kule kwenye chesisi 340 ni 326 kweli, mifupa ni ile ile, waliichokonoa sura tu. Mtu aliyerithi gari kwa baba yake na baba mwenyewe alikuwa anasema hii ni 326 iliyobadilishwa uso hajadanganya sana kiukweli. Kakosea mwaka na jina, na bahati mbaya kwenye magari ya zamani mwaka na jina ndo vinavyolipiwa.

Sasa nikujibu hilo la mabosi, maana hapo ndo watu wengi wanapiga porojo.

Kwanza toa akilini München. Kila mtu akisikia BMW anawaza München, na ofisi kuu ilikuwa huko kweli, ila kabla ya vita München walikuwa wanatengeneza injini za ndege na pikipiki. Magari yalikuwa yanatoka Eisenach, hapo magharibi yako tu, unapanda treni asubuhi na mchana umesharudi. Kiwanda kile kilikuwepo toka 1896, BMW wamekinunua 1928 kikiwa kinatengeneza kigari kidogo kinaitwa Dixi, na Dixi yenyewe ilikuwa ni Austin Seven ya Waingereza inayotengenezwa kwa leseni. Yaani hawa BMW unaowaona leo wanatamba, gari yao ya kwanza ilikuwa ni ya Muingereza iliyobandikwa nembo yao! Silinda sita wameanza 1933 na gari inaitwa 303, kainjini ka cc 1173 tu, na hiyo 303 ndo ya kwanza kuwa na zile figo mbili mbele. Wakaendelea kutanua, 315 ikawa na cc 1490 mwaka 1934, 319 ikafika cc 1911 mwaka 1935, injini ni ya ukoo mmoja ila kila mwaka wanaiongezea ujazo kidogo.

Ikabidi siku moja wapate gari kubwa ya kuiweka hiyo injini, maana zile 315 na 319 zilikuwa nyepesi na tamu kuendesha lakini finyu, mtu mwenye familia na hadhi yake hakai humo akatoka na suti haijakunjika. Ndo ikaja 326, wakaionyesha kwenye maonyesho ya magari ya Berlin Februari 1936. Ilikuwa saluni ya kwanza ya BMW ya milango minne. Injinia aliyeisimamia anaitwa Fritz Fiedler, na ukijua alikotoka utaielewa gari yote, alikuwa Horch kabla ya kuja BMW mwaka 1932, na Horch walikuwa wanatengeneza gari za silinda nane za matajiri wakubwa. Yaani alikuja na akili ya gari kubwa kwenye kampuni ya gari ndogo. Umbo la bodi ni la Peter Szymanowski, na mabodi ya saluni yalikuwa yanapondwa Berlin na kampuni ya Ambi-Budd, hawa nao walikuwa na teknolojia ya Kimarekani ya kutengeneza bodi ya chuma tupu bila mbao ndani. Ile mikunjo laini ya mapajani na mgongo unaoteremka nyuma usingeipata kwa fundi wa nyundo na mbao kwa wingi ule.

Bosi sasa. Ukisema bosi Ujerumani ya 1936 inabidi useme bosi yupi. Bosi mkubwa kabisa, mwenye benki au mwenye viwanda vitatu, huyo alikuwa anakaa siti ya nyuma ya Maybach au Horch au Mercedes kubwa na dereva wake mbele amevaa kofia. 326 haikuwa yake. 326 ilikuwa ya yule wa chini yake, daktari mwenye kliniki, wakili, injinia mkuu, mwenye kiwanda cha ukubwa wa kati, mtu mwenye hela lakini usukani anashika mwenyewe na anaupenda. Saluni ilikuwa inauzwa Raikimaki 5,500, hela ya Ujerumani ya wakati huo. Ili uone ukubwa wa hela hiyo, mshahara wa wastani wa Mjerumani aliyeajiriwa mwaka 1936 haukufika Raikimaki 1,800 kwa mwaka mzima, kwa hiyo mfanyakazi wa kawaida angeweka kila senti miaka mitatu bila kula ndo aipate. Mfanyakazi wakati huo alikuwa na baiskeli, akijitahidi sana pikipiki, na ile Opel ndogo ya P4 ya Raikimaki 1,450 nayo ilikuwa ni ndoto kwa wengi.

Kwa hiyo ndiyo, gari ya mabosi, ila mabosi wanaoendesha. Na hapo ndo penye tofauti na wenzake. Mercedes walikuwa na 230, cc 2229, nguvu farasi 55, gari imara sana lakini injini yake vali ziko ubavuni mwa bloku, mtindo wa zamani. Auto Union, yale makampuni manne yaliyoungana 1932 ndo maana Audi leo ina pete nne, walikuwa na Wanderer kwa tabaka hilo hilo. Adler wakaleta ya lita mbili na nusu 1937 yenye bodi ya kukata upepo hadi watu wakaiita Adler ya otobani, yaani ya zile barabara kuu za mwendo kasi. Halafu mwisho wa 1938 wakaja Opel na Kapitän, injini ya cc 2473, farasi 55, bodi haina chesisi kabisa, na bei chini ya Raikimaki 4,000. Hiyo Kapitän ukiiangalia kwa kikokotoo tu inaiua 326, injini kubwa zaidi, nguvu zaidi, na unabakiwa na chenji ya kutosha kununua kigari kingine kidogo cha mke. Lakini 326 iliendelea kununuliwa, na mpaka wanafunga 1941 walikuwa wameuza kama 16,000 hivi, ambayo kwa gari ya bei ile na kiwanda kile ni nyingi sana.

Kwa nini iliendelea kuuzika? Wengi watakwambia figo, nembo, michezo, kwa sababu mwaka ule ule wa 1936 BMW walitoa na 328, ile ya mashindano, Ernst Henne akashinda nayo Nürburgring mwezi wa sita ikiwa ndo kwanza inatoka. Sawa, jina lilisaidia. Lakini mimi nitakwambia ni chesisi. 326 ina chesisi nzuri kuliko injini yake, na gari nyingi za wakati ule zilikuwa kinyume.

Angalia hivi. Gari za kawaida za miaka ile zilikuwa na chesisi ya mtindo wa ngazi, vyuma viwili virefu na vya kukatiza, bodi inakaa juu imefungwa kwa bolti, ukipita kwenye shimo chesisi inajipinda, bodi inalia, milango inaanza kugoma kufunga baada ya miaka michache. Fiedler akatengeneza vyuma vya boksi, vipana, vimelala chini, akachomelea sakafu ya bati juu yake moja kwa moja ikawa kitu kimoja. Chukua kibiriti, toa droo ya ndani uikamate peke yake, inapindika kirahisi, irudishe kwenye ganda lake uone kama utaipinda. Ndo hiyo kazi. Na kwa vile chesisi imelala chini gari nzima ikawa chini, uzito uko karibu na barabara, kona inaingia bila kuegama kama mashua.

Halafu springi za nyuma. Mbele kila tairi lilikuwa linajitegemea, na springi ya majani imelala kukatiza gari, hiyo BMW walikuwa nayo tayari. Nyuma ndo walifanya jambo, wakaondoa springi za majani wakaweka vyuma vya kujisokota, fimbo ndefu ya chuma imefungwa upande mmoja kwenye chesisi, upande wa pili mkono unaoshika eksele, tairi likipanda fimbo inajisokota na kujirudisha. Wazo hilo lilitoka kwa Citroën, ile Traction Avant ya 1934, na sio aibu, wahandisi wazuri wote wanaiba kwa macho. Matokeo yake gari ikawa laini nyuma ambako ndiko wageni na mama mkwe wanakaa. Usukani ni wa reki, una majibu ya haraka kuliko ile ya boksi iliyozoeleka. Na breki ni za mafuta, BMW ya kwanza kuwa nazo, kabla ya hapo ni waya na fimbo ambazo kila wiki unazikaza upya au gari ikivuta breki inakimbilia mtaroni.

Injini sasa. Silinda sita, kipenyo milimita 66, stroku milimita 96, inakupa cc 1971. Vali ziko juu kwenye hedi zinasukumwa na pushirodi, kabureta mbili za Solex, nguvu farasi 50. Usicheke. Najua Vitz ya cc 1000 inaipita kwa nguvu na gari hii ina zaidi ya kilo 1,100. Mwendo wa juu waliutangaza kilomita 115 kwa saa na inafika kweli ukiwa na subira. Lakini utamu wake sio nguvu, ni ule mlio na ulaini, silinda sita ndogo zinazunguka bila kutikisa, unaweka gia ya nne unaisahau. Giaboksi ni ya gia nne, na ina kitu ambacho kitakushtua usipoambiwa, gia ya kwanza na ya pili zina mfumo wa kuachia, ukitoa mguu kwenye mafuta gari inateleza yenyewe kama umeweka nyutro, injini haiivuti. Faida yake unabadilisha gia hizo bila klachi, mjini raha sana. Hasara yake ukiteremka mlima kwa gia ya pili ukitegemea injini ikushike hakuna kitu, ni breki zako na Mungu wako.

Na kuna suala la barabara ambalo watu wanalisahau. Otobani ya kwanza ya serikali ya Hitler ilifunguliwa Mei 1935, Frankfurt kwenda Darmstadt. Ghafla watu wakapata barabara ambayo unaweza kukanyaga mafuta mpaka mwisho na kukaa hapo nusu saa nzima, jambo ambalo gari za wakati huo hazikuwahi kufanyiwa, maana barabara za zamani zenyewe zilikuwa zinakulazimisha kupunguza kila baada ya dakika mbili, kona, ng'ombe, kijiji. Injini zikawa zinanoki kwa mafungu, beringi zinayeyuka, maji yanachemka. Kila kampuni ikaanza kujinadi kwamba gari yake inahimili otobani. 326 ilikuwa na bodi ya kukata upepo kidogo na chesisi iliyotulia kwa kasi, kwa hiyo hapo ilikuwa nyumbani. Pia kodi ya ujazo wa injini kwa gari mpya ilikuwa imefutwa toka 1933, ndo maana makampuni yote yakawa yanapanda kwenda lita mbili na zaidi, kabla ya hapo mteja alikuwa anaogopa cc kama anavyoogopa mtu wa Dar akiagiza gari toka Japani.

Lakini kuna upande ambao wauzaji wa magari ya zamani hawapendi kuuongelea na mimi siwezi kuuruka, hasa wewe upo Erfurt, pua na mdomo na Weimar palipokuwa na kambi ya mateso ya Buchenwald. Unapoambiwa gari ya daktari au wakili ya 1936, jiulize ni daktari gani na gari iliishia wapi. Tarehe 3 Desemba 1938 ilitoka amri ya kuwanyang'anya Wayahudi wote wa Ujerumani leseni za udereva na kadi za magari. Mtu aliyenunua 326 yake kwa jasho lake miaka miwili nyuma akawa haruhusiwi kuigusa, akaiuza kwa bei ya kutupwa au ikachukuliwa tu. Na madaktari wa Kiyahudi walikuwa wameshafutiwa vibali vya kazi miezi miwili kabla. Vita vilipoanza 1939 jeshi likazoa magari ya watu, na aliyebakiwa na gari alihitaji kibali maalumu na alama nyekundu kwenye pleti namba ili aruhusiwe kutembea. BMW yenyewe wakati wa vita ilitumikisha maelfu ya wafungwa na watu walioletwa kwa nguvu toka nchi nyingine kwenye injini za ndege, Allach karibu na München, na hata Eisenach kulikuwa na tawi la kambi ya Buchenwald. Kwa hiyo siku ukikutana na 326 yenyewe, ya kabla ya vita kweli, na muuzaji ana makaratasi yote ya wamiliki toka siku ya kwanza, yasome majina na tarehe, hasa kati ya 1938 na 1945. Gari kubadilisha mmiliki mwisho wa 1938 inahitaji kuulizwa swali.

Baada ya vita ndo inakuja hadithi ya gari ya huyo babu jirani yako. Wamarekani ndo waliingia Eisenach kwanza, Aprili 1945, lakini mkoa wa Thüringen wote ulikuwa umeshapangwa kuwa wa Warusi, kwa hiyo Julai Wamarekani wakaondoka. Warusi wakakuta kiwanda kimepigwa ila sio chote, mashine zipo, mafundi wapo, spea za kuunganisha gari zipo. Kabla mwaka haujaisha wakaanza kutoa tena BMW 321, ambayo ni ndugu mdogo wa 326 mwenye milango miwili, zinakwenda kwa maofisa wa Kirusi na kwa fidia ya vita. Kampuni ya Kirusi iliyokuwa inasimamia inaitwa Awtowelo. 1949 wakaitoa 340, chesisi na sehemu kubwa ya bodi ni ya 326, ila figo wakaziondoa wakaweka vyuma vya kulala, taa zikaingizwa kwenye mapaja, na buti ikapata mlango wa nje. Injini ni ile ile ya cc 1971 imeongezewa nguvu kidogo.

Tatizo ni kwamba huku München kampuni ya BMW ilikuwepo bado, haina gari hata moja, inatengeneza pikipiki, na inaona Warusi wanauza magari kwa jina lake mpaka nchi za nje. Wakaenda mahakamani upande wa magharibi, wakashinda, na Eisenach ikabidi ibadilishe, BMW ikawa EMW, Eisenacher Motorenwerk, na ile bluu ikawa nyekundu, umbo la nembo wakaliacha vile vile kama kukomoana hivi. Kiwanda kikaendelea, kikaja kutengeneza Wartburg mpaka 1991.

Na ukitaka kucheka zaidi, Waingereza nao walichukua fungu lao. Kabla ya vita kampuni ya Frazer Nash ya ndugu Aldington ndo ilikuwa inaingiza BMW Uingereza, wanazibandika jina la Frazer Nash-BMW, 326 ikiwemo. Vita vilipoisha wakaenda kuchukua michoro na injini, na kampuni ya ndege ya Bristol ikatoa gari yake ya kwanza, Bristol 400, mwaka 1947. Chesisi ya 326, injini ya 328, umbo la 327, ndugu yake 326 wa milango miwili. Fiedler mwenyewe akaenda kufanya kazi Uingereza kabla ya kurudi BMW. Yaani gari moja, Warusi wanaitengeneza, Waingereza wanaitengeneza, na mwenyewe aliyeibuni kakaa mikono mitupu! BMW ya München walikuja kuonyesha gari yao, 501, mwaka 1951, na chini ya boneti walikuwa wameweka nini? Ile injini ya cc 1971 ya 326, imefanyiwa marekebisho ikafika farasi 65.

Hapo sasa unaweza kuwajibu wenzako wa kwenye grupu. Babu wa series 5 kwa damu ya vyuma hapana, series 5 ya 1972 haina hata nati moja ya 326, ilitokana na gari za miaka ya sitini zenye injini nyingine kabisa. Kwa wazo ndiyo, saluni ya milango minne, sio kubwa kupita kiasi, ya mtu mwenye hela anayeendesha mwenyewe, hilo BMW wamelianza na 326 na hawajaliacha.

Turudi kwa babu jirani. Nenda kaiangalie, 340 ni gari nzuri na inakupa karibu raha yote ya 326, ila ongea bei ya 340. Ukifika omba kadi zote za zamani kabla hata hujafungua boneti, uone mwaka na jina. Kisha kibati cha namba kwenye chumba cha injini ukilinganishe na namba iliyopigwa kwenye chesisi yenyewe na kwenye bloku. Hizi gari mafundi wa mashariki walizitunza kwa shida sana, spea hakuna, kwa hiyo kukuta injini ya gari nyingine au giaboksi ya kuungaunga ni jambo la kawaida, sio lazima iwe wizi, ila lijulikane kwenye bei. Kuna na watu wanaotoa shoo ya 340 na kuweka figo ili wauze kama 326, ndo maana hata siku ukiona figo usishangilie, angalia nyuma, kama buti ina mlango wa nje na chesisi namba ni ya miaka ya hamsini basi hujaona 326.

Kinachoua gari hizi ni kutu ya ndani. Ile chesisi ya boksi niliyoisifia imezibwa, maji yakiingia hayatoki, inaoza toka ndani huku nje imepakwa rangi nyeusi inang'aa. Lala chini na bisibisi na nyundo ndogo, gonga kwa urefu wote, hasa pale sakafu ilipochomelewa na pale zile fimbo za kujisokota zinaposhikwa. Mlio mkavu ni mzima, mlio wa debe bovu ni kilio. Hapo ndo usisikilize maneno ya mtu, kwa sababu bodi ya mapajani unaweza kuchongesha, krenki unaweza kusaga, lakini chesisi iliyooza na sakafu yake ni kuijenga gari upya, na mafundi wa huko wanalipwa kwa saa. Halafu fungua na ufunge milango yote minne, ikikwama au ikining'inia chesisi imeshapinda tayari.

Injini iwashwe ikiwa ya baridi, ukifika ukaikuta imeshapashwa moto jiulize kwa nini. Iache inguruke mpaka ishike moto halafu angalia geji ya presha ya oili ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, ikilala chini kabisa beringi za krenki zimechoka. Breki kanyaga na ushikilie, pedali ikizama taratibu silinda kuu inavuja. Kuhusu makaratasi ya barabarani, gari iliyozidi miaka 30 ikiwa katika hali yake ya asili inapata pleti yenye herufi H mwishoni, kodi inakuwa nafuu, ila mkaguzi akikuta imebadilishwa sana anaweza kukunyima, kwa hiyo hizo figo za kupachika zinaweza kukugharimu mara ya pili.

Kabla ya kwenda kwa babu pita Eisenach, kwenye jengo la kiwanda cha zamani kuna makumbusho ya magari yaliyotengenezwa pale, zunguka polepole uzoeshe macho tofauti ya kabla na baada ya vita, piga picha za karibu za shoo na za nyuma. Halafu ukishaiona ya jirani nitumie picha ya kibati cha namba na ya chini ya sakafu upande wa dereva, hizo mbili tu, za nje inang'aa sizihitaji.